Kwenda Sokoni na Mfuko Wako: Mwongozo Kamili wa Manunuzi ya Nyumbani Yenye Taka Chache

Tarehe 1 Juni 2019 Tanzania Bara iliacha kuruhusu mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, ile ambayo wengi tuliizoea kwa jina la rambo. Zanzibar ilikuwa imetangulia mwaka 2006, Rwanda ikafuata mwaka 2008, na Kenya ikaanza kutekeleza marufuku yake tarehe 28 Agosti 2017. Sababu hazikuhitaji maelezo marefu kwa mtu aliyeishi mijini: mitaro iliziba kila msimu wa mvua, maji yakaingia majumbani, na mifugo iliyochinjwa ilikutwa na mafundo ya plastiki tumboni. Rambo limeondoka kwenye meza za wauzaji, na hilo ni jambo la kushukuru. Hata hivyo, katika nyumba nyingi limeacha nyuma yake mazoea yaleyale, kwa kuwa tunatoka mikono mitupu, tunafika sokoni, tunalipia mfuko mbadala kwa shilingi mia chache, tunarudi nao nyumbani, na wiki inayofuata tunanunua mwingine. Mfuko uliotengenezwa ili utumike mara nyingi umegeuzwa kuwa mfuko wa safari moja.

Mwongozo huu unalenga kuyavunja mazoea hayo. Umeandikwa kwa kuzingatia zaidi mtu anayenunua gengeni, sokoni, buchani na dukani katika mji wa Tanzania, ingawa msomaji wa Mombasa au Bujumbura atakuta mengi yanayomfaa.

Kwanza, elewa mfuko unadai nini kwako

Mfuko mbadala unaouzwa sokoni, ule unaofanana na kitambaa laini, kwa kawaida hutengenezwa kwa polipropilini, ambayo nayo ni plastiki. Nyuzi zake zimebanwa pamoja kwa joto bila kufumwa. Nchini Tanzania unatakiwa uwe na uzito usiopungua gramu 70 kwa kila mita ya mraba, ili usichanike haraka. Ukiushika mkononi na kuuelekeza kwenye mwanga ukaona upande wa pili bila shida, huo ni mwepesi mno na hautakufikisha mbali. Kenya ilikwenda hatua nyingine mwaka 2019, pale mamlaka yake ya mazingira, NEMA, ilipotangaza kuzuia aina hiyo ya mifuko, kwa sababu iliyopatikana sokoni ilikuwa dhaifu na ikawa taka upesi.

Watu wengi huamini kwamba wakinunua mfuko wa pamba wamekwisha kulitatua jambo. Utafiti wa Wakala wa Mazingira wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2011 ulilinganisha mchango wa mifuko mbalimbali katika kuongeza joto la dunia, na ukaonyesha kwamba mfuko wa pamba unahitaji kutumika mara 131 ili uwe bora kuliko mfuko mwepesi wa plastiki uliotumika mara moja tu. Mfuko wa polipropilini isiyofumwa ulihitaji mara 11, na wa karatasi mara 3. Pamba hulimwa kwa maji mengi, mbolea na dawa, kisha husokotwa, hufumwa na hutiwa rangi kwa nishati nyingi. Mtu anayekwenda sokoni mara moja kwa wiki atahitaji zaidi ya miaka miwili na nusu kuzifikia hizo mara 131. Utafiti huo haukupima madhara ya plastiki inayozagaa kwenye mitaro na baharini, ambayo ndiyo yaliyotusukuma sisi kupiga marufuku, kwa hiyo hauhalalishi kurudi kwenye rambo. Unachotufundisha ni kwamba mfuko bora kuliko yote ni ule ambao tayari uko nyumbani, na kwamba thamani yake inatokana na idadi ya safari utakazoupeleka.

Hatua ya kwanza: kusanya ulichonacho

Tenga nusu saa, toa mifuko yote iliyojificha jikoni, nyuma ya mlango, chini ya kitanda na ndani ya gari, kisha uitandaze sakafuni. Panga mafungu matatu: iliyo mizima, inayohitaji mshono kidogo, na iliyochoka kabisa. Ongeza vikapu, ndoo ndogo zenye mifuniko, makopo ya maziwa ya unga, chupa za mafuta zilizo safi, mabakuli yenye mifuniko, na viroba vilivyobaki baada ya kumaliza unga au mchele. Nyumba ya kawaida itagundua kwamba haihitaji kununua chochote kwa muda mrefu. Ikiwa katika zoezi hili utakuta mifuko ya plastiki ya zamani, usitoke nayo kubebea bidhaa. Kanuni za mwaka 2019 zinaweka faini ya shilingi 30,000 hadi 200,000, au kifungo kisichozidi siku saba, kwa mtu anayekutwa nayo.

Hatua ya pili: kipe kila chombo kazi yake

Mfuko mmoja hauwezi kubeba kila kitu bila kuharibu kitu. Kwa familia ya watu wanne au watano ninashauri kapu moja gumu, mifuko miwili mikubwa ya kitambaa au ya sandarusi (ile polipropilini iliyofumwa ya viroba), vifuko vinne au vitano vya kitambaa chepesi vyenye kamba ya kufungia kwa ajili ya maharage, mchele na karanga, chombo kimoja chenye mfuniko kwa nyama, ndoo ndogo kwa samaki, na chupa moja ya mafuta.

Kapu la ukindu au la miyaa lina faida ambayo mfuko laini hauna, kwa kuwa linasimama lenyewe, halibanwi, na hewa hupita ndani yake, hivyo nyanya na maparachichi hufika nyumbani bila kupondeka. Aidha, fedha unayolilipia humfikia mtu aliyesuka ukili kwa mikono yake, mara nyingi mwanamke wa kijijini. Pakacha, ambalo husukwa kwa majani mabichi ya mnazi, bado hupatikana pwani, na kwa kubeba embe, nazi au samaki sijaona chombo kinacholizidi: likichakaa unalitupa shambani nalo linaoza. Upande wa Kenya, kiondo cha mkonge kinafanya kazi hiyohiyo, na kikitunzwa hudumu miaka mingi.

Hatua ya tatu: shona mfuko kwa kitambaa ulichonacho

Kitenge kilichopauka, shuka lililochanika katikati, pazia la zamani au suruali ya jinzi iliyotoboka magotini vyote vinafaa. Khanga ni nyepesi kidogo. Itumie ikiwa imekunjwa mara mbili, au iwekee kitambaa kingine kwa ndani.

Kata kipande chenye upana wa sentimita 45 na urefu wa sentimita 100. Kikunje katikati ili kiwe na kimo cha sentimita 50, huku sehemu iliyokunjwa ikiwa chini. Kwa njia hiyo kitako cha mfuko hakitakuwa na mshono, na hapo ndipo uzito wote unapokaa. Shona pande mbili kwa mshono wa kuficha: anza na upande mzuri wa kitambaa ukiwa nje, pitisha mshono nusu sentimita kutoka ukingoni, geuza mfuko ndani nje, kisha shona tena sentimita moja kutoka ukingoni, ili nyuzi zinazochomoza zifungiwe humo. Mshono wa aina hii ni imara kuliko ule wa kupitisha cherehani mara moja, nao haufumuki ukifuliwa.

Mfuko ukiwa bado ndani nje, bana kila pembe ya chini iwe kama ncha ya pembetatu, pima mahali ambapo upana wake unafika sentimita 10, kisha shona kwa kukatiza. Sasa mfuko una kitako kipana na unaweza kusimama. Kwa vishikio, kata mikanda miwili yenye upana wa sentimita 10 na urefu wa sentimita 65, ikunje mara nne kwa upana ili ibaki na sentimita mbili na nusu, na uishone kingo zote mbili. Pinda mdomo wa mfuko, kwanza sentimita moja, kisha nne, ukiingiza ncha za mikanda chini ya pindo hilo. Kila mkanda unapokutana na mfuko, shona umbo la mraba lenye alama ya msalaba wa mshazari katikati. Usiruke jambo hili, kwa sababu mifuko mingi iliyoshonwa nyumbani huachia hapo kwenye vishikio, wala si kitambaani. Asiye na cherehani aupeleke kwa fundi wa mtaani pamoja na vipimo hivi. Kazi yake ni ndogo na fundi mzoefu ataimaliza upesi.

Kwa mizigo mizito, kama viazi, unga wa kilo kumi au muhogo, kiroba cha sandarusi cha kilo 25 kikikatwa nusu na kuwekewa vishikio vya mkanda mpana kinatosha. Pinda kingo zake vizuri, kwani sandarusi hufumuka nyuzi, na usikiache juani, maana jua huila polipropilini na kuisambaza vipande vidogovidogo ambavyo huwezi kuviokota tena.

Hatua ya nne: mifuko ikae njiani kwako

Tatizo kubwa la mwenye mifuko mizuri ni kuisahau. Dawa yake ni kuiweka mahali ambapo huwezi kutoka bila kuigusa: msumari ulio karibu na kitasa cha mlango, kando ya funguo, au chini ya kiti cha pikipiki. Mfuko mmoja mwembamba wa kitambaa ukunjwe udogo wa kiganja na ukae siku zote ndani ya mkoba wa kazini, kwa kuwa manunuzi mengi ya mjini hufanyika bila mpango, mtu anaposhuka kwenye daladala na kuona nyanya nzuri. Ukimaliza kutoa vitu nyumbani, rudisha mifuko mahali pake kabla hujaanza kupika. Watoto wanaotumwa dukani wapewe mfuko pamoja na pesa, mkono kwa mkono, ili wakue wakijua kwamba viwili hivyo huenda pamoja.

Hatua ya tano: andika orodha kwa kuangalia jikoni, si kwa kukumbuka

Mfuko ni sehemu ndogo ya suala zima. Chakula kinachonunuliwa na kutupwa kimebeba ndani yake maji ya shamba, jasho la mkulima na mafuta ya lori lililokileta, na kikifika dampo, kama lile la Pugu Kinyamwezi linalopokea taka za Dar es Salaam, huozea chini ya taka nyingine pasipo hewa na kutoa methani, gesi inayochangia sana kuongeza joto la dunia. Kwa hiyo, kabla ya kutoka, fungua kabati na jokofu, tazama kilichobaki, panga milo ya siku tatu au nne, kisha andika kinachopungua pamoja na kiasi chake. Kando ya kila kitu andika chombo kitakachokibeba. Orodha iliyoandikwa hivyo hukukumbusha chupa ya mafuta kabla hujafunga mlango.

Gawanya manunuzi katika mafungu mawili. Nafaka, maharage, sukari, chumvi na mafuta vinunuliwe kwa wingi mara moja au mbili kwa mwezi, katika safari moja ya sokoni. Mboga na matunda vinunuliwe kidogokidogo katika genge la karibu, kwa miguu. Unga wa dona ununue kwa kiasi kidogo kuliko sembe, kwa sababu kiini cha mahindi kinachobaki ndani yake kina mafuta, nao huchacha mapema. Fuata pia msimu: maembe ya kuelekea mwisho wa mwaka na machungwa ya Muheza ya katikati ya mwaka ni nafuu na matamu, tena hayakuhitaji kuvuka bahari wala kufungwa kwenye trei ya plastiki.

Hatua ya sita: sokoni, sema mapema

Muuzaji wa sokoni ana mikono myepesi. Kabla hujamaliza kuuliza bei, nyanya zimekwisha kuwa ndani ya kifuko chepesi kinachong'aa. Vifuko hivyo ni vifungashio, navyo havikuruhusiwa kuwa vibebeo, lakini vimeenea mno. Kwa hiyo tamka kabla ya kuchagua: “Shikamoo mama, naomba uniwekee humu, nimekuja na kapu.” Kwa kijana mwenzako, “Kaka, usinifungie, nimimine tu” inatosha. Fungu la nyanya halihitaji kifungashio chochote, na mchicha umekwisha kufungwa kwa kamba ya mgomba au jani. Baada ya safari chache muuzaji atakuzoea, na mara nyingi atakuongezea kitu, kwa kuwa umempunguzia gharama ya vifuko.

Kwa vitu vya kupimwa, utaratibu ni huu. Mpe muuzaji chombo kitupu akiweke kwenye mizani kwanza. Ikiwa mizani ni ya kidijitali, airudishe kwenye sifuri chombo kikiwa juu yake. Ikiwa ni ya mshale, kumbukeni uzito wa chombo na muutoe mwishoni. Chagua muuzaji ambaye mizani yake ina stika ya ukaguzi ya Wakala wa Vipimo. Anayeuza kwa kisado au kopo ni rahisi zaidi, maana kipimo ni chake nawe unafungua kifuko chako tu.

Mafuta ya kupima ni utamaduni mzuri ambao tumeurithi, nao unastahili kulindwa. Chupa yako iwe imeoshwa na kukauka kabisa, kwa sababu matone machache ya maji huharakisha mafuta kuharibika na huyafanya yaruke kikaangoni. Usitumie kamwe chupa au dumu lililowahi kubeba mafuta ya taa, dawa ya kuulia wadudu au sabuni kali, hata likioshwa mara nyingi. Pipa la muuzaji liwe na mfuniko na likae kivulini. Mafuta yanayokaa juani siku nzima hupoteza ubora.

Buchani, toa bakuli lako wakati nyama bado iko kwenye mizani, ili ipimwe peke yake, kisha iwekwe humo moja kwa moja. Kataa gazeti, kwani wino wake haukutengenezwa kugusana na chakula. Kwa samaki wa Feri, soko la samaki la Dar es Salaam, au wa soko lolote, ndoo ndogo yenye mfuniko ni bora, na safari ikiwa ndefu nunua barafu kidogo uiweke chini na juu. Mayai yabebwe katika trei ya karatasi unayorudi nayo kila mara, alimradi ni kavu na haina uchafu, ikiloana, iache.

Kwenye supamaketi pana ugumu zaidi, kwa kuwa vitu vingi vimefungwa tayari na mhudumu wa mizani amezoea kifuko. Ndizi, papai, tikiti na kabichi zinaweza kubandikwa stika ya bei kwenye ganda au jani la nje. Ukiagiza kwa simu na bodaboda akaleta, mwambie muuzaji asitumie vifuko, na mpe bodaboda kapu lako la ziada ili arudi nalo safari inayofuata.

Hatua ya saba: pakia kwa mpangilio

Vizito na vigumu vikae chini, vyororo juu, na mkate ubebwe peke yake. Nyama na samaki wabichi wasiingie kamwe katika mfuko wenye matunda au kachumbari inayoliwa bila kupikwa, hata kama chombo kina mfuniko, kwa sababu majimaji huvuja na vijidudu husafiri nayo. Gawa uzito mikono miwili. Mfuko uliojazwa kupita kiasi hukata vishikio na kuumiza mabega.

Hatua ya nane: usafi na kuhifadhi

Mifuko ya kitambaa ifuliwe kwa sabuni na maji ya moto mara kwa mara, na ule uliobeba nyama au samaki ufuliwe siku hiyohiyo, kisha uanikwe juani hadi ukauke kabisa. Mfuko mbadala ufutwe kwa kitambaa chenye sabuni na uanikwe kivulini. Kapu la ukindu lipanguswe kwa kitambaa chenye unyevu, likaushwe kwa upepo, na litundikwe badala ya kuwekwa sakafuni, hasa wakati wa masika, kwa kuwa ukungu hulila kuanzia kitako.

Mboga zinazofika nyumbani bila vifuko zinahitaji uangalizi wa aina yake. Mchicha na matembele yafungwe kwa kitambaa chenye unyevunyevu na yaoshwe wakati wa kupika. Nyanya zikae wazi juu ya meza, kikonyo kikiwa chini, hadi ziive. Viazi vikae gizani, maana mwanga huvifanya viwe kijani na kujenga sumu; vitunguu vikae mbali navyo, penye hewa. Ndizi zinazoiva na maembe hutoa hewa inayoharakisha kuiva na kunyauka kwa vitu vilivyo jirani, kwa hiyo ziweke mbali na mboga za majani. Maganda yapelekwe kwenye shina la mgomba, kwenye bustani au kwa jirani anayefuga mbuzi.

Hatua ya tisa: mfuko unapochoka

Tundu dogo lizibwe siku linapoonekana, kabla halijawa mpasuko. Kitambaa kisichoweza tena kubeba mzigo kikatwe matambara ya jikoni, na kapu lililotoboka kitako liwe la kukuzia miche au kuhifadhia mkaa. Sandarusi iliyobaki imara hufaa kuoteshea sukuma wiki kando ya ukuta. Ama mfuko mbadala ulioanza kubanduka vipande vyeupe, hapo umefika mwisho: usiuchome, kwa sababu moshi wa plastiki una sumu kwa wanaouvuta, na usiutupe mtaroni. Ukunje, uutenge pamoja na plastiki nyingine, na umuulize mkusanya taka wa mtaa wenu kama anazipokea plastiki za aina hiyo. Asipozipokea, utie kwenye pipa la taka ukiwa umefungwa vizuri, na nafasi yake msumarini ichukuliwe na ule ulioushona.